Neno Lililoketi Jamvini

Sikumwamini hata mmoja wao. Waliingia kwa mlango ule ule aliotolewa mdogo wangu Shekue, wakavua viatu, wakainama, wakanishika mkono, na wote wakanipa neno lile lile: sori. Wengine walilisema kwa pua, wengine kwa machozi, wengine upesi upesi ili wakatafute mahali pa kuegemea ukuta. Sori, Mize. Sori, mwanangu. Sori sana, ndiyo dunia. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya jamvi, mama yangu ubavuni, na macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyao. Kila aliponishika mtu nilijiuliza: huyu ananihurumia au ananiomba radhi? Na kama ananiomba radhi, amefanya nini?

Maana neno hili ndivyo lilivyo. Halikuzaliwa kwetu. Wako wanaosema lilikuja na redio, wako wanaosema lilikuja ndani ya mifuko ya makoti ya mitumba, na Shangazi Zamda, dada yake marehemu baba, hudai lilikuwepo tangu yeye msichana ila watu walikuwa wanaona haya kulitumia. Sina ugomvi na mgeni. Ugomvi wangu ni na mgeni anayekaribishwa sebuleni na baada ya muda unamkuta chumbani, jikoni, chooni, na kila unakomkuta ameshika kazi ya mtu. Ukikanyagwa sokoni, unaambiwa sori. Mtoto akijikwaa, sori. Sukari imekwisha dukani, sori. Mtu anataka kupita katikati ya walioketi, sori, sori, sori, huku pindo la nguo yake linakupangusa uso. Hakukusikia ulichosema, anakutegea sikio: sori? Msoma habari akikosea jina la aliyekufa, husema sori, kisha anamtaja mwingine, na mimi hubaki nikijiuliza kama yule wa kwanza alipata nafuu.

Zamani tulikuwa na maneno mawili, na kila moja lilikuwa na mlango wake. Pole lilikuwa neno la mwenye mikono mitupu: nimekukuta umeanguka, si mimi niliyekuangusha, ila naumia pamoja nawe. Samahani lilikuwa neno la mwenye mkono ndani ya jambo: ni mimi, na sasa nimesimama mbele yako, fanya utakalo. Mtu akikupa pole, unamkalisha. Akikuomba samahani, unaweza kumwacha amesimama mpaka moyo wako utulie. Halafu likaja hili moja na kuyameza yote mawili, na watu wakafurahi, kwa sababu ni rahisi. Ni rahisi mno. Aliyekuumiza na aliyekuhurumia wanaingia kwa mlango mmoja na neno moja, wanakula sahani moja, na wewe uliyeumizwa ndiye wa kuchambua nani ni nani.

Basi nilikuwa nachambua.

*

Wamemchukua Shekue adhuhuri, na tangu hapo adhuhuri haijaondoka. Jua limesimama utosini kama limesahau linakokwenda. Watu wamekula chakula cha mchana mara nyingi kiasi kwamba wamesahau ladha ya chai ya asubuhi. Hakuna kivuli mjini. Ukitaka kujua kama bado upo, huna hata pale chini pa kutazama. Mimi nimezeeka hapa jamvini na wakati huo huo sijafika kesho. Kuna wakati namkumbuka Shekue ni mtoto ananifuata nyuma akitaka nimfunge vifungo vya shati, na kuna wakati namkumbuka mzee mwenye mvi akinifunga mimi, ingawa alipochukuliwa alikuwa kijana ambaye ndiyo kwanza ameanza kunyoa ndevu. Alikosa nini? Hatukuambiwa. Kwetu ukichukuliwa na watu wa Nyumba Kubwa, inayoutawala mji, kosa hutafutwa baadaye, taratibu, kama mtu anavyotafuta kifuniko cha chungu ambacho tayari kipo jikoni.

Sheria yetu ni hii, na kila mtu mjini anaijua. Mtu aliyechukuliwa si hai wala si maiti mpaka jamvi lake likunjwe. Wanatandika jamvi la matanga nyumbani kwake, watu wanakuja, wanakaa, wanakula, na jamvi likishakunjwa na kuegemezwa ukutani, basi, amekufa, hata kama huko aliko anapumua. Lakini maadamu kuna mtu amelikalia, haliwezi kukunjwa. Na maadamu halijakunjwa, iko njia moja ya kumrudisha. Yule aliyewapa watu wa Nyumba Kubwa njia ya kuingia asimame kizingitini, aliondoe kwa kinywa chake alilolitoa kwa kinywa chake, na aseme samahani. Akisikiwa, aliyechukuliwa anarudi. Yeye aliyesema anakwenda badala yake.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini sikuinuka. Nilikuwa nimelikalia jamvi la mtu aliye hai, namsubiri mwenye kosa aje aseme neno moja la Kiswahili, na wote waliokuja walikuja na sori.

Unaelewa pia kwa nini nilimchunguza kila mtu. Nilitaka nimpate. Nilitaka nimwone akienda. Nimeyasema, na sitayapamba.

*

Aliyenitia shaka kuliko wote ni Mzee Makwega, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mshona majamvi. Alifika kabla ya mtu yeyote, kabla hata sijapiga kelele. Nilipotoka uani na kukuta kitanda cha Shekue kitupu, Makwega alikuwa tayari amesimama sebuleni kwetu, kofia mkononi, akasema sori. Amejuaje? Na tangu hapo hakukaa. Wenzake wote waliketi, wakanyoosha miguu, wakalalia viwiko. Yeye alisimama pembeni karibu na mtungi wa maji, akalitazama jamvi ambalo alilishona kwa mikono yake mwenyewe, na kila nikiinua macho nilimwona bado amesimama.

Mtu anayekataa kukaa juu ya jamvi lako ana sababu.

Niliongea naye kichwani mwangu. Makwega, ukuta wetu ni mmoja. Sisi tukikohoa, wewe unasema afya. Ulisikia. Ulisikia zaidi ya kusikia. Sauti yako imekuwa nyembamba tangu ulipougua koo, mtu asiyekujua akiwa nje atadhani ni mwanamke wa nyumba hii. Makwega, ulisema nini siku ile? Ulisema nini, adhuhuri hii?

Hata watu wengine walianza kunichanganya. Baada ya kukaa sana, wageni waliponishika mkono walianza kuniita Shekue. Sori, Shekue. Niliwasahihisha, wakasema sori, wakaniita Shekue tena. Nikajishika uso kuhakikisha. Hata mama yangu, Bi Nunu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutia neno la kigeni mdomoni, ambaye redio huiita sanduku na daktari humwita mganga, alisinzia begani kwangu na katika usingizi ule akasema, taratibu, "Shekue, sori." Nikadhani limemwambukiza kama mafua, kwa kulisikia mno. Nikamfunika leso mabegani.

Mama alikuwa hali kitu. Sahani zilikuja na kurudi, yeye alisema hana hamu, na nikimsogezea tonge alisema nimwachie, atakula baadaye.

*

Kisha akaja Msemaji wa Nyumba Kubwa.

Msemaji wetu hatembei bila kipaza sauti. Inasemekana hata nyumbani kwake huomba chumvi kwa kipaza sauti, na mkewe amezoea. Alivua viatu vizuri kabisa, akaketi mbele yangu, akakunja miguu, akakiweka chombo chake mdomoni, shubiri moja tu kutoka sikioni kwangu.

"NYUMBA KUBWA INASEMA SORI," alitangaza. Vikombe vilitetemeka kwenye sinia.

"Sori ya namna gani?" nikamuuliza.

"YA KAWAIDA."

"Mnanipa pole au mnaniomba samahani?"

Akakishusha kipaza sauti, akakitazama kana kwamba jibu lingekuwa mle ndani. "Bibi, mimi nimepewa neno moja nilifikishe. Maelezo sikupewa."

"Basi rudi ukayaulize."

"NYUMBA KUBWA INAOMBA PIA," aliendelea, ameshakirudisha mdomoni, "JAMVI LIKUNJWE. WATU WANA KAZI ZAO. ADHUHURI IMEKUWA NDEFU."

Hapo Shangazi Zamda akaona amepata mtetezi. "Mize, mwanangu," alisema, "yule mgeni amesema kweli. Pilau tumepika mpaka mchele umekuwa adui. Watu wamechoka. Hata mimi mwenyewe magoti yananiuma kwa kukaa. Tukunje, yaishe, tumwombee mwenzetu."

"Unamwombea kama nani, Shangazi? Hai au maiti?"

"Mimi namwombea tu! Huko atajua mwenyewe Mungu anamweka fungu gani."

Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka wako wapi. Mimi sikucheka. Nilimwangalia Shangazi jinsi alivyokuwa ameushika upindo wa jamvi, kidole kimoja juu, kingine chini, tayari kukunja. Nikajiuliza tangu lini ameushika.

Nikasema, "Sawa. Litakunjwa. Lakini kwanza leteni birika na beseni. Wote mliokula hapa, na wote mliofika, nitawanawisha kwa mkono wangu."

Watu walitazamana kama darasa mwalimu anaposema kuna kitu kimepotea. Kwetu kila mtu anajua maana ya mfiwa kuwanawisha wageni. Mwenye mkono katika msiba hawezi kuyapokea maji kutoka mkono wa mwenye msiba. Hakuna aliyewahi kusema yatamfanya nini. Labda hayatamfanya kitu. Lakini tangu tuanze kufa mjini kwetu hakuna mtu mwenye kosa aliyewahi kuthubutu kukinga viganja, na ndiyo maana siku hizi desturi hii imeachwa, watu wananawa wenyewe bombani, kila mtu na bomba lake, na hakuna anayejua chochote cha mtu yeyote.

Birika likaletwa. Nikaliinua bila kuinuka. "Anzeni na mgeni," nikasema.

Nilikuwa na hakika Msemaji atakataa. Nilikuwa nimeyatayarisha mpaka maneno ya kumwambia. Lakini yeye alikunja mikono ya shati, akakinga viganja vyote viwili, akaniomba na sabuni.

"Huogopi?" nikamuuliza, maji yakitiririka.

"Niogope nini?" Kwa mara ya kwanza alizungumza bila chombo chake. Sauti yake halisi ilikuwa ndogo, ya mtu anayeishi chumba cha kupanga. "Sisi hatukuvunja mlango wa mtu. Waulize majirani. Tulipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Tukajibiwa."

"Mkajibiwa nini?"

"Karibu. Unajibiwaje hodi?"

"Na nani?"

"Hatukuuliza. Mtu akishajibu karibu, sisi ni wageni. Na mgeni akiingia kwa kukaribishwa, atakachokifanya ndani ni mambo ya ndani." Akajifuta kwa leso. Halafu, kwa sababu ni mtu anayependa kazi yake na anayeshika vizuri maneno ya watu, akakiinua kipaza sauti na kuyarudia neno kwa neno: "KARIBUNI, PITENI, MLANGO UKO WAZI, USUKUMENI KWA BEGA TU, UMEVIMBA NA MVUA."

*

Nilijua maneno yale. Nimeyasikia tangu sijaota meno. Kila aliyewahi kubisha hodi kwetu, muuza samaki, mwalimu wa chuoni, mdai kodi, aliambiwa hivyo hivyo, bega tu, umevimba na mvua, hata wakati wa kiangazi mlango unapofunguka wenyewe kwa upepo. Nilijua, na nikakataa kujua. Moyo una ujanja wake. Nikageuka upesi kwa Makwega.

"Mzee Makwega. Njoo unawe."

Akasogea. Wote walimtazama, kwa sababu nilikuwa nimemtazama yeye kwa muda mrefu hata macho ya watu yalikuwa yamekwisha kuchonga njia ya kufika kwake. Aliinama, magoti yakalia, akakinga viganja. Vilikuwa vimejaa sugu za ukindu. Nikamimina. Maji yalipita kwenye viganja vyake yakaanguka kwenye beseni kama maji ya kawaida.

"Ulifika kabla sijapiga kelele," nikamwambia. "Ulijuaje?"

"Nilisikia hodi."

"Ukasikia na jibu?"

Akavikung'uta viganja. Alijifuta kwenye kikoi chake, akarudi kwenye mtungi, akasimama.

"Mbona hukai?" nilimfokea. Sauti yangu ilipanda mpaka nikaona aibu. "Tangu mwanzo wa haya mambo umesimama! Jamvi letu lina miba?"

"Mize," alisema kwa sauti yake nyembamba, "mimi sikai matanga ya mtu aliye hai."

Nikalivuta beseni karibu. Niliwanawisha wengine waliobaki, wote, Shangazi Zamda akaacha upindo wa jamvi ili anawe, na wote walikinga, na birika likawa jepesi. Hakubaki mtu. Nilikuwa nimewanawisha wote walioniambia sori na hakuna aliyekataa maji. Basi sori zao zote zilikuwa pole. Ningepaswa kufurahi kwamba nimekaa katikati ya watu wema. Badala yake sikuliweka birika chini, kwa sababu palikuwa bado na mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa sijamhesabu kuwa mgeni.

"Mama," nikasema. "Mikono."

Mama aliiingiza mikono yake chini ya leso.

"Nimeshanawa."

"Lini?"

"Kule nyuma."

"Mama."

"Mwanangu, nilikuwa nachagua mchele," alisema. Hakunitazama. Alikuwa anazungumza na beseni. "Ungo uko mapajani, macho yako kwenye mawe, nikasikia hodi. Hodi, hodi, hodi. Sasa hodi ikipigwa mtu afanyeje? Nikaitikia. Sikutazama. Nani hutazama? Mtu unamkaribisha kwanza, akishakaa ndiyo unamuuliza wewe ni nani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Hivyo ndivyo nilivyokulea. Wakapita hapa mbele yangu wakanisalimia, wakaniuliza Shekue hajambo, nikawaambia hajambo, amelala kidogo, kitanda kile pale. Nilidhani rafiki zake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema mama. "Nilikuambia sori."

Nilimchukia. Kwa muda ambao siwezi kuupima, maana saa zimesimama, nilimchukia mama yangu kwa moyo wote niliokuwa nimeuandaa kwa ajili ya adui. Nilimtazama yule kikongwe na leso yake na nikaona ndani yake milango yote ya mji wetu, imevimba, haina komeo, na nyuma ya kila mlango mtu mwenye adabu, ungo mapajani, anajibu karibu kabla ya kuinua macho. Nikafahamu Nyumba Kubwa imeingiaje kwetu. Tulikuwa tunafikiri wana funguo. Hawana hata ufunguo mmoja. Wana hodi tu, na sisi tuna malezi mema. Je, mtu aliyefanya jambo jema akaleta ubaya, ni mwenye kosa au ni mwenye msiba? Je, nimwambie pole mama, kwa kuwa mwanawe amechukuliwa, au nimwambie aniombe samahani, kwa kuwa ndiye aliyemtoa? Nilihitaji neno moja lenye yote mawili ndani yake. Na neno hilo lilikuwepo, limeketi pale jamvini tangu mwanzo, nimelitukana kutwa. Mama peke yake ndiye aliyelitumia sawasawa. Nikaanza kulia kwa sauti, mbele za watu, na birika bado mkononi.

"JAMVI LIKUNJWE," alisema Msemaji, kwa upole kadiri chombo kile kinavyoruhusu upole. "TUMALIZE. HAKUNA HAJA YA BIBI KUJISUMBUA."

Nikamwangalia. Kwa nini anatuonea huruma ghafla?

"Kaa, Mama," nikasema. "Usiinuke. Tutakaa hapa hapa, wewe na mimi."

Mama alikuwa ameshainuka.

*

Alitembea polepole mpaka mlangoni. Alisimama kizingitini, uso nje, mgongo kwetu, na mbele yake, upande wa pili wa njia, Nyumba Kubwa ilikuwa imesimama na madirisha yake yasiyofunguliwa. Msemaji alimfuata akasimama kando yake, maana sheria inataka asikie yeye.

"Mimi Nunu binti Shomari," alisema mama, "nilisema karibu. Naliondoa neno langu. Haikuwa karibu ya kumchukua mwanangu. Samahani."

Neno lile lilitoka na kutu. Nusu ya watu jamvini walikuwa hawajamsikia mtu akiomba kwa neno hilo tangu wazaliwe. Nilimwona kijana mmoja akilijaribu kimyakimya kwa midomo.

Msemaji alitega sikio. "SORI?"

Mama akadhani hakusikika. Akarudia yote, tangu jina la baba yake.

"SORI?"

Akarudia.

"SORI? SORI, BIBI?"

Nilimwona. Kila alipouliza hakumtazama mama. Alinitazama mimi. Na hapo nikaelewa hesabu yake yote: akisikia, atalazimika kumrudisha Shekue, na mjini itaonekana kwa macho kwamba mtu akisema samahani mambo hurudi, na kesho watu watataka Nyumba Kubwa nayo iseme. Kwa hiyo hatasikia. Ataendelea kuuliza mpaka sauti ya mama ikauke, mpaka mimi nishindwe kuvumilia, niinuke nimkimbilie mama yangu. Nikiinuka, jamvi litabaki tupu. Shangazi Zamda alikuwa ameshaurudia upindo, maskini, wala hakujua anamfanyia nani kazi.

Nami nilikuwa na shetani wangu pia. Kila Msemaji alipouliza, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Asisikie. Asisikie kamwe. Asiposikia, Mama haendi na Shekue hafi, nasi tutabaki hivi ndani ya adhuhuri, mmoja anasema, mmoja hasikii, mmoja amekaa. Hayo ndiyo maisha ya watu wengi, na hawalalamiki.

Lakini mama alianza kukohoa. Jina la baba yake lilitoka nusu. Samahani ikatoka bila sauti, pumzi tu. Alijishika mwimo wa mlango. Hakuna aliyesogea, na birika lilikuwa mkononi mwangu, na maji yaliyobaki ndani yake yalikuwa ya mtu mmoja.

Ndipo Mzee Makwega alipovua makubazi. Aliyaweka pembeni vizuri, yakitazamana, akapita katikati ya watu bila kusema lile neno la kupitia, akafika nilipo, akashuka kwa magoti yake yanayolia, akaketi. Akakunja miguu. Akauondoa mkono wa Shangazi Zamda kwenye upindo kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto.

"Nenda," aliniambia. "Nimekaa mimi."

"Ulisema hukai."

"Nimeshona majamvi mengi ya mji huu. Sijawahi kuwa na nguvu ya kukaa. Nenda kwa mama yako, Mize."

Nilitaka kumwambia samahani. Mama akakohoa tena. Niliinuka, miguu imekufa ganzi, nikaenda mlangoni na birika. Mama aliniona. Hakuificha mikono. Aliikinga yote miwili, imekunjamana, na mimi nikamimina, na maji yakajaa viganjani mwake, akanawa, akakinga tena, akanywa. Nikamwambia, "Pole, Mama." Akatikisa kichwa kukubali, akageuka, na safari hii hakutaja jina lake wala la baba yake.

"Samahani," alisema. Kijana wa pale jamvini akalisema nyuma yake, kwa kujaribu. Na mwingine. Na Shangazi Zamda, mdomo wazi, akajikuta amelisema.

Msemaji alikiinua kipaza sauti. Alikaa nacho mdomoni. Kisha akakishusha.

"Nimesikia," alisema kwa sauti yake ya chumba cha kupanga.

Nikatazama chini, na chini ya miguu ya mama palikuwa na kivuli, chembamba, kinaingia ndani ya nyumba. Jua lilikuwa limesogea. Watu waliona, wakavuta miguu yao kukipisha.

Hodi ikapigwa mlango wa uani.

Sote tuligeuka. Makwega hakuinuka. Huenda ni Shekue, amerudishwa kwa njia ya nyuma ili mji usione. Huenda ni wale waliokuja kumchukua Mama badala yake. Ikapigwa ya pili, ikapigwa ya tatu, kama inavyotakiwa, wala sauti haikuwa ya mtu ninayeweza kuapa kwamba namjua. Mama alifungua mdomo, upesi, kwa mazoea ya maisha yake yote. Niliiona karibu ikiwa imeshafika ulimini.

Akaufunga. Akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyolowa.

"Nani?" akauliza.